Usukani wa ile gari yako

Tandika, Dar es Salaam
14 Januari 2025

Shoga yangu Mama Nuru,

Za Dodoma? Huku wazima, joto tu la kaskazi. Sare za shule nimezimaliza juzi, na mguu wa kulia bado unacheza wenyewe usiku kama uko juu ya pedeli ya cherehani. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Siku ile uliponiambia usukani wa gari yako mpya nao umeanza kunata, ukaniuliza ule wa ile Toyota IST uliyoniuzia niliufanyaje, nilitaka kukueleza palepale, ila kifurushi cha dakika kiliisha hata kwenye sabuni hatujafika. Basi nimeona niandike. Mdogo wako anapanda treni Ijumaa, atakuletea barua hii pamoja na kibahasha chenye sindano mbili zilizopinda. Usizitupe ukidhani zimeharibika. Zimepindwa makusudi.

Kwanza unisamehe. Uliponiuzia gari uliniambia, "Mama Zuhura, itunze kama ilivyo." Kwingine kote nimeitunza. Usukani nimeukwangua, nikaupiga msasa, nikauvika nguo nyingine.

Na wewe mwenyewe unajua ulivyokuwa. Asubuhi hauna neno. Ikifika saa saba, gari imechomwa na jua Kariakoo tangu asubuhi, ule mpira unalainika kama jojo iliyotafunwa, unashika usukani na usukani unakushika. Kiganja kinatoka na weusi. Mimi weusi ningevumilia kama ningekuwa nauza mkaa, lakini mwezi wa kumi nilikuwa na kazi ya gauni la komunyo, satini nyeupe pee, nimeinunua mwenyewe. Nashuka kwenye gari naikumbatia mfuko umechanika, nafika ndani naikunjua: vidole vinne, vimekaa kwa mpangilio kama muhuri. Nilifua, nikaanika, nikafua tena. Mita tatu zile sasa ni bitana ya mto wa kochi.

Fundi umeme wa magari wa hapa mtaani ndiye aliyenieleza kinachoutafuna. Jasho, jua, na mafuta tunayojipaka mikononi. Halafu vile vitakasa mikono vya enzi za korona, maana tulikuwa tunajipaka na hapohapo tunashika usukani kabla havijakauka. Spiriti ile inakula ngozi ya juu ya mpira pole pole. Akaniuliza, gari unaoshea wapi? Nikamtajia. Akacheka. Wale vijana wakimaliza kuosha wanapaka polishi ya dashibodi, na kitambaa kilekile wanakipitisha kwenye usukani ili ung'ae. Unang'aa kweli, siku mbili. Siku ya tatu umeteleza na kunata kwa wakati mmoja, sijui hata inawezekanaje. Siku hizi nikienda kuosha nasimama mlangoni, kitambaa cha polishi kikikaribia usukani napiga kelele. Wameshanipa jina, sikwambii.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua lile koti la kuvalisha. Unaliona kwenye mataa, kijana anapita nalo begani kama mkufu, elfu kumi, ukikaza uso elfu nane. Ni mduara wa mpira uliofunikwa ngozi bandia, unaunyumbua unauvalisha juu ya usukani, basi. Nilijiona mjanja. Wiki nzima safi. Siku ya nane natoka Temeke napeleka sare Gongo la Mboto, nimefika Tazara, chini ya ile flaiova, nakata kushoto kuingia barabara ya Nyerere. Nazungusha. Mikono imezunguka, koti limezunguka, usukani umebaki palepale! Shoga, gari inakwenda moja kwa moja na mimi nimeshakunja mikono kama ninayepiga kona. Dereva wa bajaji alinitukania mama yangu, na siku hiyo nilimwona ana haki. Nilishika ile mikono ya katikati ya usukani, nikaivuta gari kwa nguvu, nikasimama pembeni mbele kidogo, magoti yanagongana. Nikachukua mkasi wa kazi kwenye mkoba nikalikata lile koti hapohapo. Lilikuwa halijabana popote, limekaa juu ya polishi na mpira ulioyeyuka.

Kwa hiyo kama umeshanunua la namna hiyo, livue leo. Usisubiri barua hii uimalize.

Nikaenda gereji. Sitaitaja, unaifahamu. Kijana akaangalia, akasema kazi ndogo, usukani unatolewa wote, unapelekwa kwa fundi wa siti, unashonewa mezani, unarudishwa. Na kweli mafundi wa siti wengi wanataka uwe mezani, sikatai. Ila kilichofuata ndicho kilichonitoa jasho. Ameingia kwenye gari, ufunguo uko ndani, redio inaimba, yeye anainama nyuma ya usukani anatafuta zile skurubu mbili za pembeni zenye kichwa cha nyota ya ncha sita, zinazoshika kile kifuniko cha honi. Kile kifuniko, Mama Nuru, si kifuniko cha honi tu. Zile herufi SRS zilizoandikwa pale maana yake mna eabegi, lile begi la hewa linalolipuka gari ikigonga. Linafumuka kabla hujafumba jicho. Yeye uso wake uko juu yake.

Nikamwuliza, na betri je? Akasema, "Mama, haina noma."

Nikamwambia ashuke. Niliporudi kwa yule wa umeme akanieleza utaratibu wenyewe, na nakuandikia ili mtu akikugusia gari yako umkague: gari inazimwa, ufunguo unatolewa kabisa, waya wa hasi wa betri unafunguliwa kwa spana namba 10, halafu unakaa. Toyota wenyewe wanasema zaidi ya sekunde 90, maana umeme unabaki umejificha kwenye mfumo hata betri ikishakatwa. Yeye husubiri mpaka amalize chai. Waya za eabegi zina soketi za rangi ya njano, ukiona njano ondoa mkono kama hujui unachofanya. Na likishatolewa halilazwi kifudifudi, linalazwa uso juu, mbali na watu. Ukikata betri saa ya gari inarudi mwanzo na stesheni za redio zinafutika, ingawa kwenye ile IST hasara hiyo haipo. Redio yake ya Kijapani inaishia FM 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, na kile kidude cha kuzishusha ulichoahidi kufunga mpaka unahama hukufunga.

Kumbe ya nini yote hiyo. Kushonea usukani ukiwa palepale kwenye gari inawezekana, honi huigusi, betri huigusi, kinachoshonwa ni ule mduara tu. Yule fundi umeme aliponiambia hivyo nikasema, ah, kushona? Mimi? Miaka kumi na tisa nakaa kwenye cherehani.

Hapo ndipo aibu ilipoanzia.

Nilipima kama ninavyompima mteja, kwa tepu, na nikapima vibaya. Nilizungusha tepu kwenye mduara wote, nikapata kama mita moja na sentimita 18, nikaenda nayo Kariakoo. Muuzaji ananitazama. Usukani haupimwi kiuno, unapimwa upana, ukingo wa nje huku hadi ukingo wa nje kule, ukipita katikati. Nikarudi, nikapima tena, 37 na nusu. Ngozi nyingi zinaandikwa 38, ziko na 36, na za malori ni kubwa zaidi. Nilichukua ya 38, nyeusi, yenye vitundu sehemu za kushikia ili jasho lipite, elfu 35 pamoja na uzi wa nailoni na sindano mbili zilizonyooka. Usichukue yenye uzi mwekundu, itakufanya udhani umenunua gari ya mashindano.

Kabla ya kushona, usafi. Nilichukua maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kitambaa kimekamuliwa kisichodondosha, nikasugua mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Ndoo tatu. Palipokuwa pakinata zaidi nikafuta na spiriti kidogo, safari hii makusudi, nikaacha ukauke usiku kucha na vioo nimeshusha kidole kimoja. Asubuhi msasa laini wa maji, namba 400, ule mpira uliobanduka ukalala. Hapa usiharakishe. Kila kigongo unachokiacha utakisikia baadaye chini ya ngozi, kama punje ya mchanga ndani ya soksi.

Na hapo ndipo nilipokuta alama yako. Upande wa kushoto, juu kidogo, kama saa nne ingekuwa pale kwenye saa ya ukutani. Kijishimo chembamba, kirefu kama ukucha. Kwanza nilidhani ni panya. Halafu nikaweka mkono wangu wa kushoto nikaelewa: pete. Ile pete yako ya fedha. Mkono wa kulia kiwiko kiko dirishani, wa kushoto uko juu ya usukani unagonga, tk, tk, tk, foleni ya Ubungo haisogei. Miaka mingapi ile umegonga? Mpira umechimbika. Nilipitisha msasa mara mbili tatu nikaacha, ningechimba zaidi ningeharibu.

Sasa kushona. Nilianika ngozi juu ya boneti nusu saa ilainike, nikanyoosha magurudumu yaangalie mbele, nikachora mstari wa chaki ya nguo pale juu katikati, ili kiungo cha ngozi kikae chini na katikati yake ikae juu. Mpaka hapo mimi ni fundi. Nikaivalisha, inabana, imebakiza mwanya mwembamba upande wa ndani, ndipo uzi unapopita kuzivuta kingo mbili zikutane. Na ukiona kingo zinakutana bila kuvutwa, ngozi hiyo kubwa, irudishe, itakuja kuzunguka kama lile koti.

Nikaanza upande mmoja, nikaenda. Navuta kila mshono ukae imara, kama ninavyofanya pindo la suti. Saa tatu nzima. Nilipofika mwisho, shoga, kulikuwa na ngozi imezidi sentimita tatu, imejikunja kama ngozi ya kiwiko cha bibi. Na mshono wenyewe, ulioanza ukiwa ndani panapostahili, umepanda polepole mpaka ukatokeza mbele, unanikodolea macho. Zuhura alikuwa anashika taa. Akasema, "Mama, imepinda kama ile sketi ya Dada Mwajuma." Sketi ile mimi ndiye niliyeishona.

Nilifumua yote. Kesho yake nikaenda kwa yule babu fundi viatu wa chini ya mwarobaini, aliyekushonea vile viatu vya harusi. Nikamwonyesha ngozi. Hakucheka, nashukuru. Akaishika akaivuta kidogo kwa urefu, akaiacha, akanionyesha kwamba haikurudi yote. Kitambaa kilichofumwa ukikivuta kwa urefu kinakukatalia. Ngozi hii inakubali tu, kila mshono unaisogeza milimita, na mishono ni mia na ushee. "Wewe unavuta kuelekea unakokwenda," akasema. "Vuta kuelekea katikati."

Halafu akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mimi: "Kwani hukupiga bandi?"

Bandi! Ile mishono mirefu ya muda ya kushikiza kabla ya kushona, kazi ya kwanza nawafundisha wasichana wangu. Mkono wa nguo huushoni bila kuupigia bandi, na mimi usukani nimeuvamia mkavu. Nikarudi, nikapiga bandi sehemu tano, juu, chini, na kila panapokutana mduara na ile mikono ya katikati, uzi mweupe ili niuone wakati wa kuutoa. Ngozi ikagawanyika sawasawa. Ilikuwa na mahali pa kukimbilia? Haina tena.

Mshono wenyewe unakwenda hivi. Uzi mmoja, sindano mbili, moja kila ncha. Pindoni mwa ngozi kiwanda kimeshapitisha uzi wenye vitanzi vidogo, sindano inapita chini ya kitanzi, huitoboi ngozi. Sindano ya kushoto inaingia kulia, ya kulia inaingia kushoto, zinapishana kama kamba za kiatu, kisha unavuta zote mbili kwa pamoja mpaka kingo zinagusana, basi, usiongeze. Kitanzi kwa kitanzi. Ukiruka kimoja upande mmoja hutakiona kosa hapo, utaliona mbele mshono umeanza kulala ubavu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kumi kumi, na mtu akiniamkia simjibu. Mama wa jirani amenuna mpaka leo.

Sindano zilizonyooka zilinitesa upande wa chini, kuna nafasi ndogo kati ya mduara na dashibodi, unainama shingo inakatika. Hapo ndipo babu aliponipa hizi zilizopinda, na akanikumbusha kuupaka uzi nta usijisokote. Vaa kastabini. Mimi sikuvaa, nikijiona sugu, uzi wa nailoni ukanikata kwenye kikunjo cha kidole cha shahada, wiki nzima nashika mkasi kwa kidole cha kati. Ukifika kwenye mkono wa katikati usikimbie, ingiza ukingo wa ngozi chini kwa mpini wa kijiko, kaza, piga fundo dogo, ndipo uendelee upande wa pili. Nilianza baada ya alasiri. Adhana ya isha ilinikuta kwenye fundo la mwisho, nikachoma ncha ya uzi kwa kiberiti cha gesi, mara moja tu, ikajikunja ikawa kijidonge.

Kisha jaribu kabla hujatoka. Shika kwa mikono miwili uisokote ngozi kama unayekamua shuka, mbele na nyuma. Ikisogea hata kidogo, fumua. Bonyeza honi, zungusha mpaka mwisho kushoto na kulia, uone hakuna mahali mshono unakwaruza kifuniko. Mimi nilikwenda tena Tazara makusudi, Jumapili asubuhi barabara tupu, nikakata kona ileile. Usukani ulinifuata.

Kwa gari yako: umesema usukani una vitufe vya redio na lile bati la fedha linalobanduka rangi. Mduara ushone kama nilivyokueleza, lakini bati liache. Limekaa jirani na eabegi na waya za vitufe, vishikizo vyake ni vya plastiki na vikivunjika havirudi. Siku ukipata fundi anayekata betri bila kuambiwa, mpe. Na muombe mkubwa wako wa kazi hapo Mtumba akupe sehemu ya kuegesha yenye kivuli, au weka lile karatasi la rangi ya fedha la kukinga jua kwenye kioo, maana jua la Dodoma nasikia halina hata unyevu wa kulipoza.

Nipimie usukani wako, ukingo hadi ukingo, unitumie namba kabla ya Jumamosi nikienda Kariakoo. Pesa usitume, nitumie zabibu, mdogo wako akirudi aje na kreti. Nisalimie Nuru na baba yake.

Kile kishimo chako kiko palepale. Ngozi imepita juu yake na haikukijaza, nikisimama kwenye foleni kidole gumba kinakikuta chenyewe. Zuhura ananiuliza kwa nini nimeanza kugonga usukani wakati hata pete sina.

Wako,
Mama Zuhura